Shajara ya MX-5 ya 1992: isimame, ipoe, ndipo ikimbie

Hali ya kuanzia

Gari ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, ya 1992. Injini ni B6-ZE: sentimita za ujazo 1,597, kamshafti mbili, valvu 16, na nguvu farasi zipatazo 115 ilipotoka kiwandani. Giaboksi ina gia tano na gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma. Japani kizazi hiki kiliuzwa kwa jina la Eunos Roadster. Limenifikia likiwa na kilomita nyingi, rangi nyekundu iliyopauka boneti nzima, paa la turubai lenye kiraka, na mlio wa tik-tik juu ya injini kila linapowashwa likiwa baridi.

Kila anayeliona anauliza habari ya turbo. Nalielewa swali, maana hata lilipokuwa jipya gari hili halikuwa la kutisha kwenye barabara iliyonyooka. Lakini lina uzito usiofika tani moja, na waliolibuni walihangaikia zaidi namna linavyoingia kwenye kona kuliko namna linavyotoka kwenye taa. Kwa hiyo nimejiwekea utaratibu: kwanza vilivyochakaa virudi katika hali yake, kisha breki, kisha maji ya kupoza injini, kisha miguu (springi, shokabu na bushi), na nguvu iwe ya mwisho. Ukianza na nguvu utakuwa unapima ubovu tu, kwa kasi kubwa zaidi.

Jambo la kwanza kabisa, kabla sijanunua hata plagi, ni kupima kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kuibana. Injini iwe ya moto, plagi zote nne nje, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho. Soketi ya sensa ya pembe ya kamshafti, iliyo nyuma ya silinda hedi, ichomolewe ili kusiwe na cheche wala petroli ya kumwagika. Kitabu cha gari kinataja psi 192 (psi ni kipimo cha presha) kuwa kiwango cha injini iliyo nzuri na psi 135 kuwa mwisho wa kuvumilika. Nimesoma 178, 175, 180 na 176. Kinachonifurahisha si ukubwa wa namba hizo ila jinsi zinavyokaribiana. Injini iliyochoka sawasawa bado ina maisha. Ile yenye silinda tatu nzuri na moja ya 120 ndiyo ya kukimbiwa.

Cha pili ni pua ya krenki shafti, yaani ncha ya mbele ya mhimili unaozungushwa na pistoni. Injini za mwanzo za MX-5, za kabla ya katikati ya 1991 hivi, zina pua fupi ambayo hulegea pale bolti isipokazwa vizuri. Kishikizo chake hujila taratibu hadi taimingi, yaani mpangilio wa wakati wa valvu na cheche, ikayumba. Huna haja ya kufungua kitu ili kujua unayo ipi: angalia puli ya chini na kurunzi. Ikiwa na nafasi nne, ni pua fupi. Zikiwa nane, ni ndefu. Yangu ina nane. Nimeshusha pumzi.

Cha tatu ni kutu. Nyuma ya siti, paa la turubai linapoungana na bodi, kuna mfereji wa kukusanya maji ya mvua na mashimo mawili ya kuyatoa, moja kila upande, yanayoshukia mbele ya magurudumu ya nyuma. Majani na vumbi vikiziba mashimo hayo, maji hupata njia ya kuingia kwenye vizingiti vya milango na kuvila kutoka ndani. Upande wa kulia maji yalipita mara moja. Upande wa kushoto nimelazimika kupitisha waya laini wa plastiki taratibu, na yaliyotoka yalikuwa meusi kama kahawa. Ndani ya kizingiti hicho kuna kutu ya juu juu ambayo bado haijatoboa. Nimeosha, nimeacha ikauke kabisa, nimepulizia nta ya kuzuia kutu.

Nikiwa chini ya gari nimeona pia kwamba mbavu mbili ndefu za sakafu zimebonyezwa. Mtu aliinua gari kwa jeki akidhani zile ni chasi. Si chasi, ni bati lililokunjwa tu. Mbele jeki inakaa katikati ya boriti kubwa ya chuma inayobeba injini, nyuma inakaa chini ya difu (boksi la gia linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma), na stendi zinakaa kwenye kingo zilizoimarishwa za vizingiti. Uzito wowote ukitua pengine, sakafu inaingia ndani.

Mafuta yote, na kile kikombe chini ya gia

Kumwaga mafuta ya injini na kubadilisha filta hakuna hadithi. Filta imejificha chini ya manifoldi ya hewa, mkono unaingia kwa taabu, oili inakutiririkia hadi kwenye kiwiko, basi.

Kwenye giaboksi na difu, sheria ni moja: fungua kwanza tundu la kujazia, ndipo ufungue la kumwagia. Ukimwaga kisha ukakuta la kujazia limeganda, umebaki na gari lisiloweza kwenda hata kwa fundi. Giaboksi inachukua lita 2 za 75W-90, na nimeweka ya daraja la GL-4 kwa sababu sinkronaiza zake, pete zinazolainisha kubadilisha gia, ni za shaba, na baadhi ya viungo vya mafuta ya GL-5 haviipendi shaba. Difu ya MX-5 ya injini ya lita 1.6 kama yangu inachukua lita 0.65 tu, na yenyewe inataka GL-5 bila mjadala, kwa kuwa meno yake husuguana kwa kuteleza. Sumaku ya bolti ya difu ilitoka na unga laini wa kijivu. Unga ni sawa. Vipande ndivyo vya kuogopa.

Baada ya hapo gia ziliingia vizuri zaidi, ila mpini wenyewe ulibaki ukicheza, na joto lilikuwa likipanda kutoka kwenye mpini hadi kwenye kiganja. Hii ni kazi ambayo wamiliki wengi wa MX-5 hawaijui, nayo ndiyo iliyobadilisha gari kwa gharama ndogo kuliko zote. Nimeng'oa kitasa cha gia, kisha koni ya katikati, kisha mpira wa juu ambao kazi yake ni kuzuia joto na kelele. Chini yake kuna mpira wa pili, mdogo, umeshikwa na bolti tatu za spana namba 10. Ule wa kwangu ulikuwa umepasuka mduara mzima, umebaki umeshikwa na uzi. Ukitoa bolti hizo, mpini unachomoka mzima na kukuachia shimo la duara lenye umbo la kikombe. Kikombe hicho kinatakiwa kuwa na mafuta yake ya gia, mbali na yale ya giaboksi. Changu kilikuwa na tope kavu. Kwenye ncha ya chini ya mpini kuna kibushi cha nailoni kinachovaa kwenye kitufe cha chuma. Nacho kilikuwa kimeliwa upande mmoja hadi kikawa na umbo la yai.

Nimefyonza tope kwa sindano kubwa isiyo na ncha na kufuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kisha nimevaa kibushi kipya, nimemimina mafuta kidogo hadi yakafunika ncha, na kufunga mpira mpya. Sasa gia ya pili hadi ya tatu ni mwendo wa kifundo cha mkono, bega halihusiki. Joto kwenye kiganja limekwisha. Kuna watu wanaofunga mpini mfupi wa mashindano juu ya kibushi kilichokufa, kisha wanalalamika kwamba mpini mfupi haufai.

Mkanda wa taimingi na uvujaji wa nyuma

Sina kumbukumbu zozote za mkanda wa taimingi. Mazda ilipanga ubadilishwe kila kilomita 100,000 hivi. Bahati ya B6 ni kwamba mkanda ukikatika pistoni hazikutani na valvu. Utabaki barabarani, lakini injini haitavunjika. Hata hivyo pampu ya maji inazungushwa na mkanda huohuo, na sili za kamshafti na krenki ziko nyuma ya puli hizohizo, kwa hiyo ukifungua badilisha vyote. Mkanda mpya juu ya pampu kuukuu ni kazi ya kurudiwa.

Rejeta nimeitoa nje, nafasi ikapatikana. Bolti ya krenki, soketi ya 21, ndiyo yenye ukaidi. Nimeweka gia ya tano, mtu akakanyaga breki kwa nguvu zote, nami nikavuta bomba refu. Ililia mara moja ikaachia.

Alama ni rahisi ukizisoma bila haraka. Puli ya kamshafti ya hewa ina herufi I, ya ekzosi ina E, zote zielekee juu na zilingane na alama za bati la nyuma. Kati ya I na E hesabu meno ya mkanda: yawe 19. Ukikuta 18 au 20, usijidanganye kwamba yatajipanga, toa urudie. Kisha kikazo, puli ndogo inayoukaza mkanda. Zungusha krenki kwa mkono mzunguko mmoja na sehemu tano za sita, legeza bolti ya kikazo ili springi yake ivute mkanda, kaza tena, kisha zungusha miwili na sehemu moja ya sita na uangalie alama zote upya. Wengi hukaza kikazo alama zikiwa juu, kwa sababu ndiyo inayoonekana nadhifu. Ila hapo kamshafti zinausukuma mkanda, na upande mmoja unabaki umelegea. Bolti ya krenki ya pua ndefu nimeirudisha kwa Nm 160, ndani ya kiwango chake cha 157 hadi 167.

Kwenye kifuniko cha valvu, gasketi mpya pekee haitoshi. Pale gasketi inapopanda na kushuka kwenye vishikizo vya mbele vya kamshafti, na nyuma penye sensa, panahitaji tone la silikoni kila kona. Bolti zake ni za Nm 5 hadi 8.8. Hicho si kiwango cha kuvutia kwa mkono wenye nguvu, ni kiwango cha vidole. Uzi wa alumini ukikatika, kelele haimsaidii mtu.

Uvujaji wa oili uliokuwa ukiloanisha ungio la injini na giaboksi niliambiwa na fundi mmoja kuwa ni sili kubwa ya nyuma ya krenki. Dawa yake ingekuwa kushusha giaboksi. Kabla ya kukubali nilisafisha nyuma ya injini yote na kuendesha gari kwa siku chache, kisha nikaingiza kioo kidogo cha mpini. Oili ilikuwa ikianzia juu, kwenye sensa ya pembe ya kamshafti, ikishuka taratibu ukutani mwa hedi. Ndani ya sensa hiyo kuna oringi moja. Ile ya zamani ilikuwa imekuwa ngumu kama plastiki, ikavunjika vipande vitatu nilipoitoa kwa sindano. Kabla ya kuichomoa sensa nilipiga alama ya msumari kwenye mwili wake na kwenye hedi, kwa sababu kuizungusha ni kuhamisha taimingi ya moto. Oringi mpya, tone la oili safi, ikarudi mahali pake. Sakafu imekauka tangu hapo.

Tik-tik ya asubuhi inatoka kwenye tapeti za haidroliki, ambazo B6 inazo. Oili mpya imeipunguza hadi sekunde chache. Nimeamua kuishi nayo.

Breki

Diski za mbele za 1.6 zina kipenyo cha mm 235. MX-5 za 1.8 zilizoanza mwaka uliofuata zina mm 255, na uzuri wa familia hii ni kwamba vitu vinahamia bila kuchomelea. Nimepata mabano ya kalipa na diski za 1.8, mbele na nyuma. Kalipa zenyewe zimebaki zilezile. Faida ya sentimita hizo mbili si kwamba gari linasimama mapema mara ya kwanza, maana mara ya kwanza anayeamua ni tairi. Faida inaonekana mara ya sita au ya saba ukiteremka mlima, pale diski ndogo inapojaa joto na pedali kuanza kurefuka.

Kalipa za mbele zilikuwa na pini moja ya kuteleza iliyoganda kabisa. Pedi ya ndani ilikuwa imekwisha, ya nje karibu mpya. Dalili hiyo ukiiona, usibadilishe pedi tu. Pini nimezisugua kwa brashi ya shaba, nimezipaka grisi ya silikoni isiyoozesha mpira, na vifuniko vyake vya mpira nimeweka vipya.

Kalipa za nyuma za MX-5 zina siri yake. Usijaribu kuisukuma pistoni irudi kwa kibano, kwa sababu breki ya mkono imeungwa nayo kwa skrubu ndani. Nyuma ya kalipa kuna bolti ya spana namba 14 ambayo ni kifuniko tu. Itoe, na ndani yake utaona tundu la alenki ya mm 4. Ukizungusha kinyume cha saa, pistoni inarudi. Ukishafunga pedi mpya, zungusha kwa mwelekeo wa saa hadi pedi zibane diski, kisha rudisha theluthi moja ya mzunguko. Nimezungusha gurudumu kwa mkono na kusikiliza: linatakiwa kwenda huru, na msuguano wa mbali sana ukikubalika. Hapo ndipo waya wa breki ya mkono unapokazwa, si kabla. Gari lililokuwa likishikwa na mpini kwenye tundu la tisa sasa linashikwa kwenye la tano.

Mafuta ya breki DOT 4, gurudumu la mbali kwanza. Yaliyotoka yalikuwa na rangi ya chai. Silinda ndogo ya klachi iliyo ubavuni mwa giaboksi nimeibadilisha kwenye kazi hiyohiyo, kwa kuwa kwenye MX-5 huvuja bila kutoa taarifa na ilikuwa tayari imeloana chini ya mpira wake.

Maji

Hapa ndipo nilipotaka kufika kabla ya kugusa nguvu.

Tangi la juu la rejeta lilikuwa kahawia. Likiwa jipya ni jeusi. Plastiki hiyo inapopikwa kwa miaka hubadilika kuelekea kijani chenye ukahawia, na baada ya hapo hupasuka, kwa kawaida karibu na mdomo wa hosi ya juu. Rejeta imetoka, imeingia ya alumini yote, yenye unene mara mbili.

Ila rejeta kubwa haitibu ugonjwa wenyewe wa injini hii. B6 ilizaliwa kukaa kwa upana kwenye Mazda 323 inayosukumwa na magurudumu ya mbele. Kule maji yaliingia upande wa pampu na kutoka upande wa pili wa hedi, yakipita silinda zote nne. Ilipogeuzwa kwa urefu ndani ya MX-5, njia ya kutokea ilihamishiwa mbele, upande uleule wa pampu, kwa sababu ndiko rejeta iliko. Matokeo yake maji mengi yanaingia na kutoka mbele, na silinda ya nne, kule nyuma penye ukuta, inapata mabaki tu yanayokwenda kwenye hita. Kwa gari la kiwandani inatosha. Kwa gari litakalopewa taimingi ya mbele zaidi au kukimbizwa uwanjani, silinda hiyo ndiyo itakayogonga kwanza, yaani petroli italipuka ndani yake kabla ya wakati, na geji kwenye dashibodi haitasema kitu.

Kuhusu geji hiyo: imelainishwa makusudi. Sindano inasimama katikati kwa nyuzi nyingi za joto, na ikianza kupanda, muda wa kufikiri umekwisha. Kwa bahati nzuri geji ya presha ya oili ya miaka hii ni ya kweli. Kuanzia 1995 iligeuzwa kuwa swichi inayoinua sindano tu. Kwa hiyo nimefunga geji ya pili ya maji, ya namba, yenye sensa yake nyuma ya hedi.

Kuhamisha njia ya maji ni kazi ya subira kuliko nguvu. Nyumba mpya ya thamostati inakaa nyuma ya hedi, mdomo wa mbele unazibwa kwa bati na gasketi, na hosi ndefu inatoka nyuma, inapita ubavuni mwa injini hadi rejeta. Tatizo ni nafasi. Nyuma ya hedi kuna koili, kuna sensa ya pembe, na ukuta uko umbali wa viganja viwili. Koili nimezihamisha kwenye bano jipya. Swichi ya feni, ambayo kwenye 1.6 imekaa kwenye nyumba ya thamostati ya mbele, lazima ihame pia. Ukiisahau, itabaki kwenye maji yaliyosimama na feni haitawaka kwa wakati. Yangu nimeihamishia kwenye kipande cha bomba cha alumini katikati ya hosi, na waya wake nimeurefusha kwa kuuchomelea kwa risasi, si kwa kuusokota.

Wakati wa kujaza, pua ya gari iwe juu, hita iwe kwenye moto wa mwisho, na kifuniko cha rejeta kiachwe wazi hadi mapovu yaishe. Kwenye kilima kilekile, kwa gia ileile, geji ya namba sasa inapanda nyuzi chache tu kisha inakaa. Kabla ya hapo ilikuwa ikipanda bila kuonyesha nia ya kusimama.

Miguu

MX-5 ina kontroli amu mbili kila gurudumu, mbele na nyuma, na pembe zote zinarekebishwa kwa bolti zenye kamu. Hiyo ni raha ikiwa bolti zinazunguka. Za mbele zilizunguka baada ya kulowekwa dawa ya kutu usiku kucha. Moja ya nyuma imekatwa kwa msumeno, bushi na bolti vikatoka pamoja.

Bushi nimeweka za mpira, zile ngumu kidogo, si za poliyurethani. Poliyurethani inataka grisi kila mara, la sivyo inalia, na mimi nataka gari la kuendeshwa. Bushi za mpira zina sharti moja: bolti zake zikazwe gari likiwa limekaa kwenye uzito wake. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, mpira unabaki umejisokota muda wote gari linaposimama chini, na unapasuka mapema. Shokabu na springi mpya zimeshusha gari kidogo, na vizuizi vya mwisho vya mpira nimeviacha virefu. Gari hili lina safari fupi ya springi, na lililoshushwa mno hukaa juu ya vizuizi hivyo na kurukaruka.

Rimu ni za inchi 15, upana inchi 7, na tairi 195/50R15. Kipenyo chake ni mm 576, na tairi ya kiwandani ya 185/60R14 ni mm 577 na ushee, kwa hiyo spidomita haijadanganywa.

Alaimenti ya kwanza nimefanya nyumbani kwa nyuzi mbili zilizofungwa kwenye stendi, moja kila upande wa gari. Hapa kuna mtego unaowapata wengi: upana kati ya magurudumu ya mbele ni mm 1,410 na ya nyuma ni mm 1,430. Ukiweka uzi umbali sawa kutoka kitovu cha mbele na cha nyuma, utakuwa umeupinda, na vipimo vyote vitakuwa na kosa. Umbali wa nyuma uwe pungufu kwa mm 10 kila upande. Nimeweka uzito wa mtu kwenye siti ya dereva, mbele nikanyoosha magurudumu kabisa, nyuma nikayaelekeza ndani kidogo. Kambi, yaani mwinamo wa gurudumu likitazamwa kwa mbele, nimeipima baadaye kwenye mashine: mbele digrii 1.2 hasi, nyuma 1.7 hasi. Kwenye kona ndefu sasa gari linakaa mahali unapoliweka, na usukani unasema kila kitu.

Nguvu, hatimaye

Kabla ya kufunga chochote kipya nimetazama alichoacha mwenye gari wa kwanza: filta ya hewa ya koni, wazi kabisa, nyuma ya taa. Ina sauti tamu. Inavuta hewa moto iliyotoka kwenye rejeta. Nimerudisha boksi la kiwandani lenye filta ya karatasi, na sensa ya joto la hewa imethibitisha kwamba injini sasa inapumua hewa baridi zaidi.

Manifoldi ya ekzosi nimeiacha. Ya 1.6 ilitoka kiwandani ikiwa ya mabomba, si ya chuma cha kumwaga, na nyingi zinazouzwa badala yake zinaongeza mng'aro kuliko nguvu. Nimebadilisha bomba la nyuma tu, kwa sababu la zamani lilikuwa limetoboka.

Taimingi ya moto ni nguvu ya bure. Kwenye boksi la uchunguzi unaunganisha TEN na GND kwa kipande cha waya ili kompyuta iache kujirekebisha, injini ikiwa ya moto na ikizunguka kama 850 kwa dakika. Kwa taa ya taimingi utaona digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Legeza sensa ya pembe na uizungushe polepole hadi 14. Kaza, toa waya. Sharti ni petroli ya okteni ya juu na sikio lililo wazi. Nimepanda mlima gia ya nne, mzunguko wa chini, pedali hadi sakafuni, madirisha juu, nikisikiliza kama kuna mlio wa changarawe, dalili ya injini kugonga. Hakuna. Gari limeamka kati ya 2,500 na 4,500, mahali ambapo nalitumia kila siku.

Kizuizi halisi cha hewa kwenye 1.6 ni kipima hewa chenye kibao kinachofunguka kwa springi. Hewa yote ya injini inapaswa kukisukuma kibao hicho. Nimekitoa, na mahali pake nimeweka MegaSquirt, kompyuta ya injini unayoiratibu mwenyewe, inayosoma presha ya manifoldi na joto la hewa. Sensa ya oksijeni inayoonyesha uwiano halisi wa hewa na petroli nimeifunga kwenye ekzosi. Ramani ya mwanzo niliyoipakia iliwasha gari, lakini ilikuwa na petroli nyingi kupita kiasi kwenye mizunguko ya juu. Ramani ya petroli nimeitengeneza kwa mwendo wa kawaida kwanza: uwiano wa 14.7 katika kusafiri, kisha 12.8 hadi 13 pedali ikiwa chini kabisa. Taimingi ya moto nimeigusa mwisho na kwa digrii moja moja.

Kipimo changu si cha kifahari. Kompyuta inarekodi, kwa hiyo nachukua gia ya tatu, kipande kilekile cha barabara isiyo na watu, kutoka mizunguko 3,000 hadi 6,500, na kulinganisha muda kabla na baada. Umepungua kwa nusu sekunde hivi. Kwa maneno ya matangazo hiyo si kitu. Kwa dereva ni tofauti ya injini iliyokuwa ikichoka kwenye 6,000 na hii inayokwenda bila kusita hadi mstari mwekundu.

Kinachofuata

Difu. Ya 1.6 ina gia ya inchi 6 na ndiyo kiungo dhaifu cha gari, hasa kwa anayepanga kuongeza tairi zinazong'ang'ania. Ya 1.8 ni ya inchi 7, na nyingine zina Torsen, aina ya difu isiyoacha gurudumu moja lizunguke bure, inayogawa nguvu kwa meno badala ya mafuta mazito. Haiingii peke yake: inahitaji propela shafti ya 1.8 na shafti zote mbili za magurudumu. Uwiano wake ni 4.1 badala ya 4.3, maana yake kila gia itakuwa ndefu kwa asilimia kama 5, na sehemu ya ule mwamko wa gia ya tatu itamezwa. Shafti moja ninayo tayari, ya pili nimeahidiwa. Zikikamilika, ramani ya petroli itabidi ipitiwe upya kwenye mizunguko ya kusafiri, kisha nirudi kwenye barabara ileile ya gia ya tatu na kupima tena.